Mhubiri, Mkalimani na Mwanafunzi: Ufasaha wa Hotuba ya Kiswahili katika Gusii

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa katika lugha ya Ekegusii ajifunzavyo sanaa ya kusema mbele ya watu. Uandishi wa hotuba hatutaushughulikia, kwani umekwisha kuelezwa katika vitabu vya shule, pengine kupita kiasi. Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, Kiswahili hutahiniwa kwa karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Hotuba imo katika karatasi ya insha. Mtahiniwa huandika salamu kwa kufuata vyeo, huandika mwili, huandika hitimisho, na katika muda wote huo hafungui kinywa. Kwa hiyo si ajabu kumpata kijana aliyepewa alama za juu kwa hotuba ambayo, lau angesimama uwanjani kuitoa, isingewafikia wasikilizaji wa mstari wa pili.

Maoni yetu ni kwamba shule ya kusema, kwa mwanafunzi wa Kisii na Nyamira, iko nje ya darasa: kanisani, msibani na katika baraza la chifu, na kwamba mwalimu wake mkuu ni mkalimani asimamaye kando ya msemaji, mtu ambaye sisi wanafunzi wa isimu hatujamtazama kwa makini.

Yafaa tuanze na lugha yenyewe. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Walio wengi husema Ekegusii, lugha ya Kibantu ambayo Guthrie aliipa namba E.42. Majirani zao wa karibu, Wajaluo, Wakipsigis na Wamaasai, si wasemaji wa lugha za Kibantu. Hivyo, kwa mtoto wa Nyamira, Kiswahili kilichotoka pwani ya mbali kina sura ya nyumbani kuliko lugha isemwayo ng'ambo ya kilima. Omonto ni mtu, abanto ni watu, omote ni mti. Mtoto huyu haanzi na kurasa tupu.

Walakini ukaribu una mitego yake. Katika Ekegusii baba ni tata, na neno baba ni jina la kumwitia mama. Tungali wadogo tulimsikia bibi yetu akiuliza, baada ya ibada, kwa nini mhubiri yule mgeni alikuwa mwungwana hata akawaamkia wanawake kwanza. Mhubiri alikuwa amesema tu "akina baba na akina mama". Hali kadhalika Ekegusii haina fonimu /l/. Msemaji huwa hana budi kuvitenganisha kwa ulimi visivyotengana masikioni mwake, kama vile mahali na mahari, au kula na kura. Jozi hii ya mwisho imewatia wanasiasa wetu katika kicheko ambacho, nadhani, baadhi yao walistahili.

Jambo lililo zito zaidi kwa msemaji wa jukwaani ni kwamba Ekegusii ni lugha ya toni ilhali Kiswahili cha leo hakina toni; kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi asemapo polepole hukumbuka kanuni hiyo. Apandwapo na hamu ya maneno, sauti hurudi kwao. Lakini kuna faida pia. Ekegusii hutofautisha irabu fupi na ndefu, kwa hiyo kufa na kufaa, paka na pakaa, ni mambo ambayo sikio lake huyashika bila kufundishwa.

Neno la kale la Abagusii kwa mtawala ni omogambi. Mzizi wake, -gamb-, ni wa Kibantu cha zamani na maana yake ni kusema. Mtawala, basi, ni msemaji, yule ambaye neno lake hukata shauri. Kiswahili kimeubakiza mzizi huo katika jigamba, ambako kusema kumegeuka kuwa kujisifu. Na hapana shaka mgambo, ule wito wa mbiu, ni wa ukoo huo huo. Kwa wazee wa Gusii tofauti baina ya kugamba na kujigamba haikuwa ya kiambishi tu. Mzee asimamaye barazani hujaribiwa kwa muda anaokaa kimya kabla ya neno la kwanza, na kijana akimbiliaye maneno huonekana kuwa na deni.

Tuje sasa kwa mkalimani. Kanisa la Waadventista Wasabato lilianzisha misheni yake ya Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1912, na hadi leo waumini wake ni wengi sana katika kaunti hizi mbili. Kila mwaka, aghalabu mwezi wa Agosti, hufanyika makambi: watu hukusanyika kwa siku kadhaa chini ya mahema na miti, na wahubiri wageni hualikwa. Mgeni asiyejua Ekegusii husema Kiswahili, na kando yake husimama mtu wa mahali hapo ambaye hupokea kila kipande na kukirudisha kwa lugha ya nyumbani. Mtoto aketiye nyasini hupata matini na tafsiri yake kwa pamoja, saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, bila ada ya shule.

Lakini faida iliyo kubwa kuliko msamiati ni umbo la usemi. Mhubiri mwenye mkalimani hawezi kusema sentensi ndefu. Akijaribu kubeba kishazi juu ya kishazi, kwa "ambaye" na "kwamba" na "ijapokuwa", mkalimani humtazama, husita, kisha hutoa nusu ya jambo, na watu huona. Baada ya dakika chache hata mhubiri mgumu hujifunza kukata usemi wake mahali panapokatika. Kila kipande sharti kiwe na maana ya kutosha kukabidhiwa mtu mwingine, na hapo hapo kiache jambo la kungojewa. Huu ndio ufundi wa hotuba ambao vitabu huuita "kutua" na kuupa mstari mmoja.

Hapa ndipo sarufi ya Kibantu inapofanya kazi ambayo nadra tuielezapo. Chukulia mhubiri asimuliaye kisa cha mwanamke aliyekwenda mtoni na kibuyu. Asema: "Alikibeba kibuyu chake begani." Mkalimani hufasiri, na katika Ekegusii kibuyu ni ekerandi, jina la ngeli ile ile yenye ki- kwetu. Watu wanangoja. Mhubiri huendelea kwa neno moja tu: "Kikaanguka." Hakuna aulizaye ni nini kilichoanguka. Lau angesema "Akaanguka", tungejua ni yule mama. Lau angesema "Ukaanguka", tungetafuta mti au mzigo. Kiambishi cha ngeli kimevuka sauti ya mkalimani, kicheko cha watu na kikohozi cha mzee wa mbele, kikamrudishia msikilizaji nomino yake. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo nilisikia hotuba nyingi nzuri za Kiingereza, na nikaona kwamba msemaji wa Kiingereza akikatizwa namna hiyo hulazimika kuitaja nomino upya, kwa kuwa viwakilishi vyake ni vichache mno kubeba mzigo huo. Sisi tunacho chombo ambacho wao hawana, nasi tunakifundisha kama orodha ya kukariri.

Mfano mashuhuri wa chombo hicho ni hotuba aliyoitoa Mwalimu Julius Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 2 Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameivamia Kagera. Alitaja mambo matatu, uwezo, sababu na nia, na kila moja akalifungia kwa kitenzi kile kile cha "kuwa na", kikibadilika kwa upatanisho tu: tunao kwa uwezo, tunayo kwa sababu na kwa nia. Mwenye kusikiliza hupata kina ambacho hakuna aliyekitunga. Sarufi yenyewe imekitunga. Na yafaa tukumbuke kwamba Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, hakuzaliwa katika Kiswahili. Lugha ya kwao ni Kizanaki, ambayo katika hesabu ya Guthrie ni E.44, hatua mbili tu kutoka Ekegusii. Wenzetu wanaoamini kwamba ufasaha wa jukwaani hauna budi kutoka kwa mzawa wa mwambao hawana budi kulijibu hilo.

Hata hivyo, tusiwanyime watu wa pwani haki yao. Kuna jambo moja ambalo mwanafunzi wa Gusii hulikosea mara nyingi, nalo ni haya ya maneno. Abagusii wana sheria waiitayo chinsoni, itengenezayo mwenendo baina ya vizazi: mbele ya watu wa kizazi cha baba au cha mwana yako mambo ya mwili na ya ndoa yasiyotamkwa kabisa. Neno lenyewe, ensoni, ni soni ya Kiswahili, yaani aibu. Katika baraza au matanga vizazi vyote huketi pamoja, wakwe na wakwe, kwa hiyo msemaji wa Ekegusii hufungwa kila upande. Afanyeje mwuguzi aliyetumwa kueleza ukimwi au uzazi? Huhamia Kiswahili. Tumemsikia mzee akiuliza kwa Kiswahili, bila kupepesa macho, swali ambalo kwa Ekegusii lingemfanya mwanawe ainuke aondoke. Lugha ya pili imekuwa pazia.

Huduma hiyo ni kubwa, nayo imeokoa maisha. Lakini ina gharama kwa mwanafunzi. Huzoea kuyaona maneno ya Kiswahili kuwa hayana miiba, maadamu hayamchomi yeye. Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alialikwa kusema maneno machache mbele ya wazee wa Mombasa kuhusu mwalimu mmoja aliyeheshimika sana, akaanza: "Mzee wetu alipokufa..." Maneno ya adabu alikuwa akiyajua tangu shule ya msingi: kufariki, kututoka, kutangulia mbele ya haki. Katika joto la kusimama yalimtoka, likabaki neno tupu. Hakuna aliyemkemea. Wazee waliinamisha vichwa, mmoja akalisema neno la adabu kwa sauti ya chini, kana kwamba anamsaidia mtoto kufunga kifungo. Sidhani kwamba kuna alama za mtihani zinazoweza kumpa mtu somo hilo, lakini mwalimu anaweza kumtayarisha kwa kumwonyesha kwamba Kiswahili nacho kina chinsoni yake.

Kuhusu hotuba za kusomwa karatasini hatuna mengi. Mwezi wa Julai 1974 Rais Kenyatta aliamuru Bunge la Kenya litumie Kiswahili, na wabunge wengi wakawa wanafunzi kwa siku moja. Kiingereza kiliruhusiwa tena kando yake mwaka 1979. Rais Moi naye alizoea, katika sikukuu za taifa, kusoma hotuba iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha kuiweka kando na kuanza Kiswahili bila karatasi. Wananchi waliifahamu ada hiyo. Wakati wa karatasi walizungumza wao kwa wao; karatasi ilipokunjwa walinyamaza.

Siku hizi yuko pia msemaji wa namna nyingine. Shule nyingi za sekondari huwa na siku ya maombi kwa watahiniwa, na hualikwa mtu wa kuwatia moyo. Baadhi yao ni wasemaji hodari. Wengi, hata hivyo, wamejifunza kwa kutazama video za wasemaji wa Marekani katika intaneti, na wamechukua pamoja na ujasiri wao hata pumzi zao. Hupaza sauti mahali Kiingereza kipazapo, hutembea jukwaani, huuliza maswali yasiyongoja jibu. Wanafunzi hushangilia. Nimepata kuwauliza baadaye ni nini kilichosemwa, nikajibiwa kwamba yule bwana alikuwa mcheshi.

Kwa sababu hiyo nilianza zoezi darasani mwangu. Mwanafunzi mmoja hutoa hotuba ya dakika tano kwa Kiswahili, na mwenzake wa lugha moja naye husimama kando akafasiri kwa Ekegusii. Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu. Kijana mmoja aliyekuwa akisifiwa kwa ufasaha alikuja na sentensi aliyoikariri, yenye "katika ulimwengu huu wa utandawazi ambamo" na mengineyo mengi nyuma yake. Mkalimani wake alifungua kinywa, akakifunga, kisha akasema kwa Ekegusii neno moja tu la kutaka asaidiwe. Msichana kutoka Nyamira, ambaye katika insha hakuwahi kupita wastani, alisema vipande vya maneno matano au sita, akangoja, akatazama, akaendelea. Alikuwa amekulia makambini. Baba yake, alinieleza baadaye, alikuwa mkalimani.

Nilimwuliza baba huyo anajuaje kwamba mhubiri ni mzuri. Alisema kuna methali ambazo mhubiri hodari huzikata katikati, "Haba na haba...", kisha hunyamaza. Kama watu wamekuwa wakisikia kweli, na kama Kiswahili kimewaingia, wataimalizia wenyewe kabla yeye hajageuka kwao: vikongwe, watoto, watu wote. "Wakiimalizia," alisema, "mimi nasimama tu, najipangusa jasho, nangoja kinachofuata."