Lakabu Zetu za Mitandaoni

Katika pwani yetu hii mtu hakuwa akitosheka na jina moja. Siku ya saba alifanyiwa akika akapewa jina la dini. Nyumbani bibi yake akamwita kwa jina la kumdekeza. Barazani wenziwe wakamtungia la utani. Na akisha kuzaa akawa Baba Fulani, au Abu Fulani kwa wafuatao ada ya Kiarabu. Washairi nao wana lakabu zao. Ahmad Nassir Juma Bhalo alipotoa diwani yake mwaka 1971 aliiita Malenga wa Mvita, na hata leo ukiwatajia wapenzi wa mashairi jina hilo hawamfikirii mtu mwingine.

Kwa hivyo wazee wenzangu wanaodhani kwamba jina la mtandaoni ni uzushi wa vijana, nawaambia si uzushi. Ugeni wake ni mmoja tu. Lakabu ya baraza ulipewa na watu, tena baada ya kukujua. Hii wajipa mwenyewe kabla hujajulikana na mtu. Na tena haina wajina. Mombasa ina akina Fatma Salim wangapi? Mtandaoni atakayelishika ni mmoja, waliobaki watie tarakimu na vistari. Facebook ilipofungua mlango wa majina ya namna hii tarehe 13 Juni, 2009, majina zaidi ya laki mbili yalichukuliwa katika dakika tatu za kwanza.

Majina yetu yana taabu yake ya pekee. Mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter hadi Julai 2023, haukubali jina la akaunti lenye herufi zaidi ya 15. Abdulrahman peke yake lina herufi 11. Ukimtia baba yake, Said, zimetimia 15 barabara. Lakini akiwa baba ni Salim, tayari imezidi moja. Kiungo cha katikati, kile tunachoandika katika Al-Mazrui au Al-Busaidy, hakikubaliwi kabisa. Basi kijana afanye nini? Wengi hukata mbele, wakabaki na Rahman au Qadir, na hapo ndipo ninapowashika mkono. Neno lile la mbele maana yake ni mja. Ukiliondoa umebaki na jina la Mola umejivika wewe. Heri ukate nyuma, au utumie lakabu yako ya mtaani, maadamu ni njema.

Nasema maadamu ni njema kwa sababu Sura ya Hujurat, aya ya 11, yatukataza kuitana kwa majina mabaya, sembuse kujiita mwenyewe. Nimeona vijana wa watu wazima, waliolelewa chuoni, wamejipa majina ambayo hawawezi kuyatamka mbele ya mama zao. Wengine wamegeuza majina yao kuwa leso: kila aonaye ajue ni fulani anayesemwa. Leso huchakaa ikawa tambara la jikoni. Jina la mtandaoni hulikuta mwajiri baada ya miaka kumi.

Kubadili, kwa hivyo, si aibu. Mtume (S.A.W.) alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. Ila kubadili kwa mtandaoni kuna mtego ambao wengi hawaujui.

Binti wa ndugu yangu apika biriani na keki za harusi hapo Kibokoni, na wateja wake wote awapata kwa simu. Akaunti aliifungua akiwa na miaka 15, kwa jina la kitoto. Mwaka jana, biashara ilipokua, aliona haya, akabadili usiku mmoja akatia jina la heshima. Picha zikabaki, wafuasi wakabaki, akalala. Wiki haikwisha, mtu asiyejulikana akalichukua lile jina la zamani, akatia picha za masinia yake, akaanza kupokea arubuni. Wateja wenye maboksi ya keki yaliyopigwa chapa jina la zamani walimwendea huyo. Watatu walituma pesa. Mmoja alifika mlangoni Alhamisi kuchukua sinia mbili za watu wa Ijumaa, na hapakuwa na hata mchele ulioroweshwa.

"Ami," aliniambia, "jina si langu? Vipi mtu mwengine alitumia?"

"Lilikuwa lako, mwanangu. Ulipolitoka ulikuwa kama mtu aliyehama nyumba asitie komeo."

Barazani tulibishana hata isha. Wengine walisema hana deni, kwani hakupokea hata senti. Mamake hakungoja fatwa ya baraza. Alisema jiko ni lao na jina lilikuwa lao, akawasha moto, na yule wa Alhamisi alipikiwa sinia zake bure. Mimi naona mama alishika njia ya wema, ingawa haki ilikuwa kwa wale wa kwanza.

Sheria ipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya uhalifu wa kompyuta, kifungu cha 28, yamtoza atumiaye jina la mwenziwe mtandaoni bila idhini faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au yote mawili. Lakini kumpata mwizi asiye na uso ni kazi. Na wenye mitandao nao hawana huruma kubwa na majina ya watu: Gene X Hwang, mpiga picha wa San Francisco, alikuwa na jina la herufi moja, x, tangu 2007. Kampuni ilipojiita X mwaka 2023 ililichukua, wala hakulipwa kitu.

Basi anayetaka kubadili na afanye hivi. Kwanza awatangazie wateja siku kadhaa kabla. Akisha kubadili, papo hapo afungue akaunti ya pili kwa lile jina la zamani, aandike humo tumehamia wapi, asiuze kitu. Atazame pia chapa za maboksi, kadi na kibao cha dukani. Binti yetu maboksi yake ya zamani yalibaki mia na kitu. Sasa huyatilia visheti vya nyumbani.