Usiache mbachao: joistiki ya zamani bado inarusha ndege

Na Mwandishi Wetu, London

OKTOBA 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya mfumo wake wa Windows 10, na tangu hapo familia nyingi za Waswahili walioko ughaibuni zimekuwa katika pilikapilika za kubadilisha kompyuta. Mashine mpya inaingia sebuleni, ya zamani inasubiri kontena la kwenda nyumbani, na vikorokoro vilivyotumika nayo vinaishia kwenye pipa la taka. Kimojawapo ni joistiki, ile fimbo ya kurushia ndege katika programu za kuigiza urubani, ambayo wauza maduka husema haraka kuwa haiendani na mfumo mpya.

Kauli hiyo mara nyingi si ya kweli. Joistiki nyingi zilizotengenezwa miaka 20 na zaidi iliyopita zinaweza kufanya kazi kwenye Windows 11 au kwenye Linux, nyingine bila kutumia hata senti moja. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzifufua, kwa nini mifumo mipya inazikataa, na wakati gani mtu akubali kuwa chombo chake kimefika mwisho.

Asidhani msomaji kuwa hili ni jambo la watoto wa gemu peke yao. Bei ya saa moja ya mafunzo katika ndege halisi, iwe uwanja wa Wilson, Nairobi, au hapa Uingereza, inamshinda mtu wa kipato cha kawaida. Kwa kijana anayeota urubani huku mzazi wake akibeba kazi mbili, joistiki ndiyo ndege pekee anayoweza kuishika. Ni kweli kwamba saa za kwenye kompyuta ya nyumbani haziandikwi katika kitabu cha saa za rubani. Lakini anajifunza kusoma vipimo, kuzunguka uwanja kwa utaratibu kabla ya kutua, na kutochezacheza na usukani upepo unapovuma kutoka ubavuni.

ILIKOTOKA

Programu ya Microsoft Flight Simulator ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 biashara ya joistiki ilishamiri. Kulikuwa na CH Products, Thrustmaster, Logitech, Saitek, na Microsoft yenyewe iliyoleta jina la SideWinder. Baadaye Microsoft iliacha kutengeneza joistiki hizo, na Januari 2009 ikafunga hata studio ya ACES iliyokuwa ikitunga programu ya ndege. Wengi walidhani mambo yamekwisha.

Agosti 18, 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, Flight Simulator ilirudi kwa sura mpya kabisa. Joistiki mpya ziliadimika madukani na bei zikapaa. Ndipo watu walipopanda darini na kushusha maboksi yenye vumbi, wakagundua mambo mawili: fimbo zilikuwa bado nzima, ila kompyuta hazikuzitambua.

ANGALIA PLAGI KWANZA

Kabla ya kupakua chochote mtandaoni, tazama ncha ya waya. Kama plagi ni bapa na ndogo, hiyo ni USB na kazi yako ni nyepesi. Kama ni pana, ina pini 15 katika safu mbili, hiyo ni ya gemupoti, na hapo ndipo penye mtihani.

Gemupoti ililetwa na IBM mwaka 1981 pamoja na kompyuta yake ya kwanza ya PC. Ndani ya joistiki za wakati huo mna vidude vya kuzungushwa, vya aina ileile iliyoko nyuma ya kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Ukisukuma fimbo, kidude kinazunguka na ukinzani wa umeme unabadilika. Kompyuta inaacha kapasita ijae umeme kupitia kidude hicho, kisha inahesabu muda uliopita. Muda mfupi una maana fimbo imelala upande huu, muda mrefu upande ule. Kazi ya kuhesabu ilifanywa na prosesa yenyewe, ikiacha shughuli nyingine zikingoja.

USB ilipoingia mwaka 1996, hesabu hiyo ilihamia ndani ya joistiki. Chipu yake inapima, kisha inaipelekea kompyuta namba zilizo tayari. Gemupoti ikaanza kuonekana mzigo, na Windows Vista iliyoingia madukani Januari 2007 ikaiacha kabisa. Ndiyo maana joistiki iliyofanya kazi vizuri na Windows XP ilionekana imekufa siku mashine ilipobadilishwa, ingawa hakuna hata waya mmoja uliokatika.

ADAPTA SI ZOTE SAWA

Sokoni kuna adapta za bei nafuu za kubadilisha pini 15 kuwa USB, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa fedha zao. Nyingi ya adapta hizo zinaelewa joistiki za analogi tu, yaani zile za vidude vya redio tulivyovieleza. Joistiki za dijitali za gemupoti, kama SideWinder za katikati ya miaka ya 1990, zina lugha yake nyingine. Ukizichomeka kwenye adapta ya kawaida hupati kitu. SideWinder 3D Pro ya mwaka 1995 angalau ina swichi ya kuifanya ijifanye joistiki ya analogi, kwa hiyo ijaribu hiyo kwanza.

SideWinder Precision Pro ndiyo inayowachanganya wengi. Matoleo ya baadaye yaliuzwa na adapta ndogo ya USB ndani ya boksi, kwa kuwa ubongo wa USB umo ndani ya joistiki yenyewe. Matoleo ya mwanzo hayana ubongo huo, na kwa macho zote zinafanana. Ukiichukua adapta ya toleo moja na kuitia kwenye toleo jingine, au kwenye joistiki ya kampuni nyingine, unapoteza wakati wako.

Kijana mmoja, jirani wa mwandishi huyu, alinunuliwa na mama yake Precision Pro ya toleo la mwanzo katika duka la hisani kwa pauni nne. Duka moja la kompyuta mtaani likamshauri aitupe. Iliyomwokoa ni bodi ndogo ya Arduino Leonardo, ambayo chipu yake inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama joistiki ya USB. Wapenzi wa vyombo vya zamani wameandika programu huria za kuzijazia bodi za namna hiyo, ili zizungumze lugha ya SideWinder upande mmoja na USB upande wa pili. Kazi ya kulehemu ilichukua jioni mbili, na aliyelehemu ni mzee aliyejifunza kutengeneza redio Tanga. Leo kijana anatua na fimbo hiyo kwenye Windows 11.

ZENYE USB: DRAIVA SI LAZIMA

Mwenye joistiki ya USB aanze kwa kuichomeka tu. Windows na Linux zina draiva ya jumla kwa vyombo vya aina hii, na kwa kawaida fimbo, vitufe na wenzo wa nguvu za injini vitatambuliwa vyenyewe. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika joy.cpl, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha. Ukiliona jina la chombo chako hapo, habari ni njema.

Watu wengi hukwama kwa kuhangaikia sidii iliyokuja na joistiki. Draiva za zamani ziliandikwa kwa ajili ya Windows ya biti 32, ilhali Windows 11 ipo ya biti 64 peke yake na haiwezi kuzipakia. Nyingine hazina sahihi ya kidijitali inayotakiwa, au zinazuiwa na ulinzi wa kumbukumbu wa mfumo mpya. Usizime ulinzi huo kwa ajili ya joistiki. Na ujihadhari na tovuti zinazokuambia zina draiva ya kila kitu duniani, kwani nyingi zinauza matangazo na virusi. Unachokosa bila draiva ya kampuni ni nyongeza tu, kama kukipa kitufe kimoja kazi nyingi. Kazi hiyo hufanyika pia ndani ya programu ya ndege.

Kama haitambuliki kabisa, jaribu tundu jingine la USB, hasa la nyuma ya mashine. Joistiki nyingine za zamani haziyapendi matundu mapya ya USB 3, na kuipitisha katika habu ya USB 2 huponya. Kama inatambuliwa kisha inapotea baada ya dakika chache, mfumo unaikatia umeme ili kubana matumizi. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, uzime ule usitishaji wa USB.

NDEGE INAPOVUTA UPANDE MMOJA

Joistiki ikitambuliwa lakini ndege ikawa inavuta kushoto peke yake, tatizo ni urekebishaji wa vipimo. Katika lile dirisha la joy.cpl ingia kwenye sifa za chombo, ubonyeze kwanza "Reset to default", kisha "Calibrate". Izungushe fimbo hadi mwisho wa kila upande bila haraka, uiache katikati inapoambiwa.

Kama namba bado zinarukaruka huku mkono umetulia, kidude cha ndani kimeingia vumbi. Ni ugonjwa uleule wa redio inayokwaruza unapoongeza sauti, na dawa ni ileile: dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme, kisha kuzungusha mara nyingi. Hakikisha chombo hakijachomekwa popote. SideWinder 3D Pro na Precision Pro zinapima kwa mwanga badala ya vidude hivyo, na hiyo ndiyo sababu nyingi ziko imara mpaka leo. Mwisho, ndani ya programu ya ndege weka eneo dogo mfu katikati, ili mtikisiko mdogo wa mkono usiitikise ndege.

Usishangae pia programu ikikataa kuipa fimbo kazi yoyote. Flight Simulator za sasa zina mipangilio tayari kwa joistiki wanazozijua tu. Ya kwako utaipangia mwenyewe kitufe kwa kitufe, kazi ya nusu saa.

KABLA YA KUITIA KWENYE KONTENA

Kwa wanaotuma vyombo nyumbani, kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 bado ina maisha. Ikiwekewa Linux, itaitambua joistiki ya USB bila matatizo, na kompyuta ya mezani ya zamani sana yenye tundu la gemupoti inaweza kuitumia hata ile ya pini 15, kwa kuwa draiva zake zimo katika Linux. Programu ya FlightGear ni huria, hailipiwi, na ramani zake zinaenea dunia nzima, hivyo kijana anaweza kuondoka Kilimanjaro akatua Zanzibar bila kumdai mtu fedha. Achague toleo linaloendana na nguvu ya mashine yake.

Jambo moja la hatari. Joistiki zenye mota za kusukuma mkono, kama SideWinder Force Feedback 2, hutumia umeme wa ukutani. Kama ilinunuliwa Marekani, soma kibandiko cha chini. Kikisema volti 120 peke yake, usithubutu kuichomeka kwenye volti 230 za Dar es Salaam au 240 za Nairobi bila transfoma. Joistiki za kawaida zinazokula umeme wa USB tu hazina tatizo hilo. Na adapta yake ifungwe pamoja nayo kwa utepe, maana adapta ikipotea njiani, kitakachofika ni pambo la mezani.

NANI AAMUE?

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Machi 2024 ilisema kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka huohuo wa 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa vyombo, na orodha yake ina mashine za kufulia, majokofu na simu. Joistiki haimo.

Kampuni zina sababu zao. Kutunza draiva kwa ajili ya wateja wachache ni gharama, na gemupoti kweli ilikuwa ufundi wa zama zilizopita. Lakini kuna tofauti kati ya chombo kilichoharibika na chombo ambacho mfumo mpya umekataa kukitambua. Sisi tulioko uhamishoni tunaijua tofauti hiyo vizuri. Kuna wahandisi na wauguzi wetu wenye vyeti safi wanaofagia maofisi, kwa sababu tu mtu wa dirishani hakuikuta nchi yao kwenye orodha yake. Hawakupoteza ujuzi wao njiani.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Joistiki mpya ya bei ya chini ni ya plastiki nyepesi, na haina uhakika wa kudumu miaka 25 kama ile iliyoko darini kwako. Ishushe, angalia plagi yake, andika joy.cpl. Ikishindikana kabisa baada ya hayo yote, ipeleke kwenye kituo cha kukusanyia taka za umeme, wala usiitie kwenye kontena ili ikawe taka ya mwenzio Tandika au Gikomba.