Gari la Umeme Nakalale: Bei Nafuu kwa Nani?

Kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayefanya biashara Nakalale katika Kaunti ya Turkana, ametuletea suali ambalo tumeona si haki kumjibu peke yake, kwani wasomaji wengi wa pwani hukabiliwa nalo siku hizi. Ami yake anayeuza magari Mombasa amemwonyesha Nissan Leaf ya mwaka 2018 iliyotoka Japani, gari la umeme mtupu lisilonusa petroli, na amemwahidi kumpunguzia shilingi laki tatu iwapo atalipa kabla ya mwezi kwisha. Kijana ana duka, na huenda Kakuma na Lodwar kuchukua bidhaa. Petroli inammaliza. Fedha atakazolipia ni za mirathi ya marehemu baba yake, na ndani yake mna fungu lake na mafungu ya dada zake wawili ambao bado hawajagawiwa. Anauliza: je, bei hii ni nafuu?

Tumeanza kwa kuihesabu safari, kwa sababu ndiyo inayomwumiza.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kiasi cha kilomita 120. Mombasa hadi Malindi nayo ni kiasi hicho hicho. Tuyatazame basi magari mawili katika masafa hayo. Probox, gari ambalo wafanyabiashara wetu wamelizoea, hula lita moja kwa kilomita 14 hivi, yaani lita nane na nusu kwa safari moja. Tukichukua petroli kwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni takriban shilingi 1,530. Leaf, ikiendeshwa kwa utulivu, huenda kilomita sita kwa uniti moja ya umeme, basi safari ile ile yataka uniti 20. Mtu wa Mombasa anayechaji nyumbani usiku, tuseme kwa shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi zote, atatumia shilingi 600. Isitoshe, mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 katika saa ambazo matumizi ni machache, kabla ya kodi na tozo, kwa mwenye mita ya kazi hiyo. Kwa mkaazi wa Mombasa au Malindi mwenye mita yake na mahali salama pa kuliegesha gari usiku, faida iko wazi, na hatuoni sababu ya kumtisha.

Lakini kijana wetu halali Malindi. Ametueleza kwamba dukani kwake hakuna mita. Ana paneli mbili za taa na friji ndogo, na jenereta ya petroli kwa siku za mawingu. Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Jenereta ndogo ya petroli hutoa kama uniti mbili na nusu kwa lita, na ile nzuri huenda ikafika tatu. Betri ya gari hili ni ya uniti 40, na kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani wakati wa kuchaji, jenereta italazimika kutoa kama uniti 44. Hizo ni lita 15 hadi 18 za petroli. Na betri ikijaa, gari litakwenda kilomita 240 hivi. Probox kwa kilomita 240 hunywa lita 17. Basi atakuwa amenunua gari la umeme ili aichome petroli ile ile, kwa kiasi kile kile, ila sasa ataichomea nyuma ya duka usiku kucha huku jenereta ikinguruma na majirani wakikosa usingizi.

Ni jambo la kusikitisha ukizingatia mahali penyewe. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit, zimesimama turubaini 365 za upepo zenye uwezo wa megawati 310, na tangu mwaka 2018 umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Bwawa la Turkwel, megawati 106, nalo liliunganishwa na Lessos kwenye gridi ya taifa, ilhali mji wa Lodwar kwa miaka mingi uliwashwa kwa mitambo ya dizeli. Kawi imezaliwa kwa jirani, ikapita juu ya vichwa vya watu. Hayo tuyaache kwa wenye mamlaka.

Sola je? Hili ndilo jawabu ambalo kijana mwenyewe alilitaja, na lina uzito, kwani jua la Turkana halina mfano. Paneli kumi za wati 400 zitampa, katika siku njema, uniti 16 hadi 18 zinazofika garini. Hiyo si haba. Ila jua huwaka mchana, na mchana ndipo gari liko barabarani. Kama safari zake ni mara mbili kwa wiki, na siku nyingine gari husimama dukani, mpango huu unawezekana. Kama hutoka kila siku, itambidi anunue na betri nyingine kubwa ya kuhifadhi umeme hadi usiku. Kwa hali zote mbili, gharama ya paneli, kibadilisha umeme na fundi ni sehemu ya bei ya gari, wala si jambo la kufikiriwa baadaye. Punguzo la laki tatu litamezwa hapo kabla gari halijatembea hata kilomita moja.

Tuje kwenye betri, ambayo ndiyo moyo wa gari na ndiyo sehemu ghali kuliko zote.

Muuzaji amemwambia kijana kwamba gari hili huenda kilomita 400. Hakusema uongo, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa katika karatasi za Japani kwa kipimo cha wakati ule. Lakini gari hilo hilo lilipopimwa na serikali ya Marekani, kwa kipimo kinachokaribia zaidi uendeshaji wa kweli, lilipewa kilomita 243. Na vyote viwili ni vipimo vya betri mpya. Gari la 2018 betri yake imekwisha fanya kazi miaka, na huchakaa hata likiwa limeegeshwa.

Kinachoichakaza zaidi ni joto. Magari mengi ya umeme ya siku hizi yana maji yanayozunguka kuipoza betri. Nissan Leaf ya 2018 haina. Betri yake hupozwa na hewa tu, na hewa ikiwa moto, betri nayo huwa moto. Kisa chake kinajulikana. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, mji wa jangwani katika jimbo la Arizona, walianza kuona gari zao zikipoteza uwezo mapema mno. Mambo yalifika mahakamani, na kampuni ikakubali kuweka dhamana ya uwezo wa betri, kisha ikatengeneza betri iliyostahimili joto zaidi. Gari la 2018 ni bora kuliko yale ya mwanzo, lakini bado halina maji ya kupoza. Na Lodwar, ambako joto la mchana hufika nyuzi 35 kwa wastani, hakuna msimu wa baridi wa kuipumzisha kama ule wa Phoenix. Gari lililoishi Japani kwenye theluji, likaletwa Turkana, litazeeka kwa kasi ambayo karatasi zake hazikuitaja.

Upo upimaji wa jambo hili, na si mgumu. Mbele ya dereva, pembeni mwa kipimo cha chaji, pana vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza huanguka uwezo ukishapungua kama asilimia 15. Lakini asiviamini peke yake, kwani vipo visa vya wauzaji kuifuta kumbukumbu ya gari ili vijiti vyote virudi kwa muda. Kifaa kidogo kichomekwacho chini ya usukani, pamoja na programu ya simu iitwayo LeafSpy, husoma hali ya betri kwa asilimia. Kijana aombe asilimia hiyo, aiandike, na gari liendeshwe kilomita 50 mbele ya shahidi aone ni kiasi gani kimetumika.

Ametuambia anaona haya kumwomba ami yake jambo kama hilo. Haya hiyo haina mahali katika biashara. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni alitia mkono wake ndani ya lundo la nafaka akakuta umaji chini, na akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Betri iliyochoka chini ya bodi inayong'aa ndiyo nafaka ile. Kuchakaa kwa kawaida kwa kitu kilichotumika si aibu ya kumlaumu muuzaji. Aibu ni kuchakaa kunakojulikana kusikosemwa. Na wale wanaoandika kwenye risiti kwamba wameuza kama lilivyo, wakadhani wamejivua, wajue kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi sharti hilo halimwokoi muuzaji wa kitu kisicho na uhai. Mnunuzi akiikuta aibu iliyokuwako kabla ya kukabidhiwa, ana khiyari ya kurudisha. Vivyo hivyo arubuni: kulipa kiasi kwa sharti kwamba ukijitoa kimepotea, wanavyuoni wetu wa Shafi hawakulikubali, ingawa Hanbali wameliruhusu. Kwa hiyo asitangulize kitu kwa ajili ya tarehe ya mwisho wa mwezi.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji wa Mombasa hayaoni. La kwanza ni kulifikisha gari. Kutoka Mombasa hadi Lodwar kupitia Nairobi na Kitale ni zaidi ya kilomita elfu moja, na kwa chaji za kilomita mia mbili mbili, kupitia miji ambayo soketi ya Kijapani ya chaji ya haraka ni adimu au haipo, gari litapanda lori. La pili ni ardhi. Betri imelazwa chini ya sakafu, na gari lenyewe liko chini, pungufu ya shibiri moja kutoka ardhini. Lami ikiisha, mchanga hula chaji, mawe hugonga tumbo, na laga likishuka maji ya ghafla hakuna gari dogo lililo salama. Fundi wa betri hizi hayuko Nakalale, na huenda asiwepo Lodwar.

Basi rai yetu ni hii. Gari lile ni nafuu kwa mtu wa pwani mwenye mita na safari fupi, iwapo betri itapimwa. Kwa kijana wetu, kama mambo yalivyo leo, si nafuu hata likipunguzwa laki nyingine. Na kabla ya yote hayo, fungu la dada zake si mtaji wake. Ni amana mkononi mwake mpaka ligawiwe, na wenyewe wakitaka kuingia naye katika biashara waingie kwa kujua hesabu tuliyoiandika hapa, si kwa kupigiwa simu baada ya gari kupakiwa.

Kama moyo wake umeupenda umeme, atazame pikipiki. Zipo zinazouzwa Kenya, kama Roam Air, ambazo betri yake huchomolewa na kuchajiwa ndani ya nyumba, na ni ya uniti tatu na kidogo tu. Kiasi hicho paneli tatu au nne hukimudu kwa siku moja, na mwenye betri mbili huacha moja juani akaenda na nyingine. Haitabeba magunia ya unga, lakini itampeleka mtu na mzigo mdogo, na mtaji wake ni sehemu ndogo ya ule. Ajihadhari tu na zile zinazouzwa bila betri, ambapo mnunuzi humiliki chuma na betri akaikodi kwa kubadilishana katika vituo vya kampuni. Mjini Mombasa au Nairobi huenda mpango huo ukafaa. Mahali pasipo kituo, pikipiki hiyo haitembei. Na hata mjini, mkataba usomwe kipengele cha betri kuibiwa. Katika ijara, mkodishwaji ni mwaminifu na halipi ila alipozembea, lakini mikataba mingine humtwika yeye bei yote.