Kabla ya kuifungua injini ya pikipiki kuukuu, ipime kwanza

PIKIPIKI iliyoegeshwa nyuma ya nyumba kwa miaka ni mtaji uliolala. Katika Uyole na vijiji vinavyoizunguka mkoani Mbeya, Honda XL 125 au Yamaha DT 125, pikipiki za Kijapani zilizoundwa kwa ajili ya barabara na njia za porini, inaweza kukaa chini ya turubai pembeni ya banda la kuku msimu baada ya msimu. Mwenye nayo husubiri apate fedha za kuisuka upya injini, au apate mteja wa kuinunua kwa bei ya chuma chakavu.

Fundi mzuri anaweza kuwasha karibu injini yoyote. Kinachomhusu zaidi mkulima au mfanyabiashara mdogo ni kiasi cha fedha ambacho injini hiyo itakula kabla ya kuanza kurudisha, na kama fedha hizo zitatibu ugonjwa wenyewe. Wengi hupoteza fedha mwanzoni kabisa: injini haivuti, inafunguliwa, pistoni na ringi zinanunuliwa, na baada ya mwezi moshi uko pale pale.

Wakulima walio jirani na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wanaujua ushauri wa kupima udongo kabla ya kununua mbolea. Injini nayo inataka kanuni hiyo hiyo.

Rangi ya moshi na mwinuko wa Uyole

Uyole iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa ya huku ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na la Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, hata injini nzima kabisa hupoteza sehemu ya nguvu zake ikipanda kutoka pwani, na kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani hutoa petroli nyingi kuliko inavyohitajika. Plagi huwa nyeusi kwa masizi na sailensa hutoa moshi mweusi. Tatizo hili hutibiwa kwa kusafisha kabureta na kichujio cha hewa, na ikibidi kufunga jeti ndogo zaidi. Pistoni haihusiki.

Moshi wa bluu katika injini inayotumia oili ya chini, kama Honda XL, ni dalili kwamba oili inaungua. Inaweza kuwa inapanda kupitia ringi zilizolika au kushuka kupitia sili za valvu. Yamaha DT ya zamani ni ya mipigo miwili, na huchoma oili pamoja na petroli kwa asili yake, hivyo moshi kidogo wa bluu kwake si ugonjwa. Nao moshi mweupe wa asubuhi ya Juni au Julai, unaokwisha injini ikipata moto, mara nyingi ni mvuke tu.

Baada ya kuangalia moshi, kipimo cha kompresheni ndicho chenye kauli kubwa. Plagi hutolewa, geji hufungwa mahali pake, mkono wa mafuta huvutwa hadi mwisho, kisha kiki hupigwa mpaka mshale wa geji usimame. Ikiwezekana, injini iwe ya moto.

Hapa mwinuko huleta mtego mwingine. Injini ambayo ingesoma kilo 12 kwa sentimita ya mraba ikiwa pwani, itasoma takriban kilo 9.5 Uyole ikiwa nzima. Anayesoma kitabu bila kukumbuka mlima anaweza kuihukumu injini isiyo na kosa.

Geji ikisoma chini sana, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi katika injini ya mipigo minne, kisha pima tena. Kipimo kikipanda waziwazi, ringi au silinda zimelika. Kisipopanda, shaka iende kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Jaribio hilo la dakika tano huamua kipi kinunuliwe.

Kazi ya nyumbani na kazi ya karakana

Sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanyika nyumbani kwa spana nzuri, mahali pasafi pasipo na vumbi, na makopo ya kutenganisha boliti. Kutoa tangi na kabureta, kufungua silinda hedi, kusaga valvu kwa dawa yake, kubadilisha sili na gasketi, na kufunga pistoni ni kazi za nyumbani. Kila hatua ipigwe picha kwa simu, hasa alama za cheni ya taimingi, kwa sababu cheni ikikosewa meno valvu zinaweza kugonga pistoni.

Kuchonga silinda na kubadilisha konrodi kwenye krenki si kazi za nyumbani. Zipelekwe kwa fundi mwenye mashine na maikromita. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili zinazopishana, maana hailiki sawasawa. Katika injini nyingi ndogo za mipigo minne, nafasi kati ya pistoni na silinda ikizidi milimita 0.10, ringi mpya peke yake hazitasaidia.

Pistoni kubwa za kuchongea huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na mara nyingi namba hugongwa juu ya pistoni. Nunua pistoni kwanza, kisha uipeleke pamoja na silinda, ili fundi achonge kwa kuifuata. Kabla ya kuchonga, pistoni ilinganishwe na ya zamani. Injini nyingi za Kichina zimefuata muundo wa Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 ikiwa na silinda ya kipenyo cha milimita 56.5. Hata hivyo, kipenyo kufanana hakutoshi: urefu kutoka tundu la pini hadi juu ya pistoni, na nafasi za valvu, vinaweza kutofautiana.

Hesabu ya magunia

Tuchukue mfano, na kila msomaji abadilishe bei kulingana na duka lake. Tuseme vipuri na kuchonga ni Sh280,000, ufundi Sh70,000, na oili ya mara mbili Sh30,000. Jumla ni Sh380,000.

Mkulima wa viazi hulipa, tuseme, Sh3,000 kwa kila gunia linalotolewa shambani hadi barabarani. Akibeba mwenyewe, petroli na uchakavu vinamgharimu Sh800. Anaokoa Sh2,200 kwa gunia. Ukigawa Sh380,000 kwa Sh2,200, unapata magunia 173. Hapo ndipo injini inapoanza kumlipa.

Mwenye magunia 60 kwa msimu atasubiri misimu mitatu. Mwenye 180, au anayebeba pia mahindi ya jirani kwa malipo, atamaliza ndani ya msimu mmoja. Fedha zikiwa za mkopo wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwa miezi sita juu ya deni la mwanzo, gharama inafika Sh448,400 na magunia yanakuwa 204. Mwenye magunia 30 tu ana hesabu nyingine: huenda kuiuza pikipiki kama ilivyo na kuendelea kukodi kukawa na faida zaidi.

Siku ya kuwasha na wiki zinazofuata

Kabla ya kiki ya kwanza, hakikisha oili ipo kwa kiwango cha kitabu, kwa kawaida karibu lita moja katika injini za aina hii za mipigo minne. Toa plagi na upige kiki mara kadhaa ili oili ipande juu. Rudisha plagi ikiwa na mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Injini ikiwaka, isilazimishwe kunguruma. Iache izunguke taratibu kwa dakika chache, angalia kama inavuja, kisha izime ipoe kabisa. Baada ya kupoa, kagua mkazo wa boliti za silinda hedi na nafasi za valvu kwa vipimo vya kitabu.

Kilometa 500 za kwanza ndizo zinazoamua maisha ya ringi. Katika kipindi hicho pikipiki isibebe gunia, na isipandishwe mlima wa Isyonje kwa nguvu zote. Iendeshwe kwa mwendo unaobadilika, kisha oili imwagwe mapema kwa sababu hubeba unga wa chuma. Ni vyema basi kazi hii ifanyike viazi vikiwa bado ardhini. Anayeifunga injini wiki ya kuvuna atashawishika kubeba mzigo siku hiyo hiyo, na silinda iliyochongwa jana itakwaruzika kesho.

Kuanzia Juni hadi Oktoba, vumbi ndilo adui mkubwa. Kichujio cha hewa kilichochanika huingiza mchanga unaosaga silinda kama msasa, hivyo kisafishwe mara kwa mara na kikichoka kibadilishwe. Gunia la lumbesa nalo huumiza pande mbili: humpunja mkulima kwenye bei na huichosha injini kwenye mlima.

Kwa anayetaka kununua pikipiki kuukuu ili aifufue, namba ya injini na ya chesisi zilinganishwe na kadi kabla ya fedha kutoka mfukoni. Baada ya hapo, geji ya kompresheni iwe kitu cha kwanza kuazima. Spana zifuate baadaye.