Herufi Chache Katika Cheti cha Mgonjwa

Jina la dawa halina budi kuandikwa herufi kwa herufi. Hydralazine hushusha shinikizo la damu. Hydroxyzine hutuliza mwasho. Majina hayo yakiandikwa kwa haraka hufanana, na mwenye shinikizo la juu la damu aweza kurudi nyumbani na dawa ya mwasho. Nukta nayo ina hatari yake: miligramu 5.0 husomeka 50 nukta ikififia, ndiyo maana huandikwa 5 tu. Hata neno "presha", lililozoeleka mno, halitoshi, kwani presha hupanda na hushuka. Mkazi aweza kumwomba mhudumu amsomee jina la dawa na kipimo chake kabla ya kuondoka dirishani.