Namna ya Kusoma Noti za Pembe katika Vitabu vya Haydn na Mozart

Mwalimu afunguaye kitabu cha noti za okestra cha zama za Haydn na Mozart huona jambo la kumshangaza. Fidla zimeandikwa katika ngazi ya E flati, bali pembe za shaba zimeandikwa katika C, pasipo alama yo yote. Je, mwandishi amekosa? La, hakukosa.

Pembe ya siku zile haikuwa na vali, maana vali zilibuniwa yapata mwaka 1814. Mpigaji alipata sauti zile tu zitokazo katika bomba kwa asili yake, na chache nyingine kwa kutia mkono kinywani mwa pembe. Alipotaka ngazi nyingine, alibadili kipande cha bomba kilichopindwa, kirefu au kifupi. Basi noti ya C haikutaja sauti, ilitaja mahali katika ngazi. Ni kama ile «do» tuwafundishayo wanafunzi, ambayo huhama pamoja na wimbo.

Pembe ya F husikika sauti ya tano chini ya iliyoandikwa. Ya E flati, ya sita. Ya D, ya saba. Ya C, ya nane. Lakini katika ufunguo wa besi, desturi ya kale iliandika noti oktava moja chini mno. Hapo pembe ya F hupanda kwa sauti ya nne.

Shida kubwa ni pembe ya B flati, ambayo Wajerumani huiita B. Bomba fupi hushusha hatua moja. Bomba refu hushusha hatua moja na oktava nzima. Mara nyingi Haydn hakueleza ataka lipi, na wataalamu wangali wakishindana. Akosaye hapa huzipandisha pembe juu ya wimbo, au huzizamisha chini ya besi hata maana ya sauti zote ikageuka. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: noti zimepanda kiasi gani? Pembe zavuka besi? Nakala za kale zasemaje?

Tena tusisahihishe upesi. Katika simfoni ya G ndogo ya mwaka 1788, Mozart aliweka pembe moja ya B flati ya juu na moja ya G, apate sauti nyingi zaidi za ngazi ile. C ile ile huwa B flati kwa mmoja, na G kwa mwenziwe. Azilinganishaye kwa jicho tu ameuharibu wimbo.