Kafara ya Jana, Fungu la Fakiri Leo

Ndugu Waislamu, kila ikaribiapo Idi ya Kuchinja hapa Gando, Pemba, watoto hutuuliza: mbona Wakristo hawachinji, nao humtukuza Nabii Ibrahim (A.S.)?

Kitabu cha Mambo ya Walawi chataja sadaka tano za Bani Israil, zikiwemo ya kuteketezwa, ya amani na ya dhambi. Warumi walipolivunja Hekalu la Jerusalem mwaka 70 Miladia, uchinjaji huo ulikoma. Wakristo hufundisha kuwa sadaka zile zilikuwa kivuli tu, na kwamba Nabii Isa (A.S.), wamwitaye Yesu, alijitoa mara moja kwa ajili ya wote, hivyo hawaoni haja ya kuchinja tena.

Sisi Waislamu twaamini kuwa hakuna abebaye mzigo wa dhambi za mwenziwe. Suratul Hajj, aya ya 37, yatufunza kuwa Allah hahitaji nyama wala damu, bali hutazama uchamungu wa mchinjaji.

Basi tujihoji: mbuzi akishachinjwa, fungu la fakiri humfikia mlangoni, au huishia kwa jamaa zetu wenye nafasi? Tusipompelekea, tumebakiwa na kitoweo tu. Wallahu aalam.